Mkwe Aliyefuata Bomba

Jumapili iliyopita niliwaacha pale niliposhika brashi. Najua mmenitukana wiki nzima. Tukaneni tu, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Aliyenikosa namrudishia kwa ufupi. Mimi ni Monowara, mjane wa Tofazzal. Marehemu aliuza ng'ombe akachimba bomba la maji la kusukuma kwa mkono uani kwetu, la kwanza katika kijiji chote cha Nolbunia. Tulikunywa miaka kumi na minne tukijisifu. Maji meupe, baridi, matamu. Kumbe arseniki, sumu ya ardhini, haina rangi wala harufu. Ilimtoa mume wangu madoa kifuani, ikamkausha viganja vikawa magamba matupu, magamba yakawa donda, na donda likamla hadi tukamzika.

Baadaye wapimaji wakaja na vichupa vyao, wakalipaka bomba letu rangi nyekundu. La kuogea na kufulia, si la kunywa wala kupikia.

"Na msichemshe mkadhani mmeponya," alisema dada mpimaji. "Hivi si vijidudu vya kuhara. Ukichemsha, maji yanapungua, sumu inabaki pale pale. Chukueni maji kwenye bomba la msikitini, lile la kijani. Au kingeni mvua kwa shuka safi, mhifadhi kwenye mtungi wenye kifuniko."

Nilimcheka. Nimekula ujana wangu nikinywa maji ya dimbwi, nikapata bomba, leo nirudi kukinga matone ya paa kama ombaomba? Tukawa tunakwenda msikitini, na masika tunakwenda kwa chelezo cha migomba, mimi na binti yangu Shiuli.

Lakini bomba jekundu uani ni tangazo. Linasema humu mna wagonjwa, msioe. Dada mpimaji alitueleza kwamba ugonjwa huu hauambukizi, lakini nani aliyemsikiliza? Posa mbili za Shiuli zilivunjika palepale bombani, hata chai hawakunywa. Wenzake wana watoto watatu watatu. Yeye ana miaka ishirini na mitatu, anafua sari za mama yake.

Kwa hiyo nilimwambia mshenga Kasem apitishe neno kwamba bomba letu limegeuka kijani, na aliponiambia kuna watu wa upande wa pili wa mto wanakuja kumtazama, nikanunua kopo la rangi ya kijani. Shiuli alinishikia kopo. Nikapaka shingo, nikapaka mdomo, nikapaka mpini. Hapo ndipo tulipoishia.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Rangi haijakauka vizuri, mtumbwi ukagonga ukingo wa uwanja wetu. Masika nyumba zetu hugeuka visiwa, kila mtu na kilima chake, jirani humwoni mwezi mzima. Nikajua wageni wamewahi. Kumbe ni Hasnara, mke wa shemeji yangu, tunayekaa naye uwanja mmoja. Mumewe yuko mjini Chittagong, kwenye kazi ya kuvunja meli chakavu. Alikuwa kwao miezi miwili, amerudi na mimba ya miezi sita na kikapu cha bisi za mchele.

Akasimama. Akaliangalia bomba. Kikapu kikamponyoka.

"Dada! Ni macho yangu?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa watatu tu pale, mimi na yeye na Shiuli. Ningemshika mkono nikamwambia ni mchezo wa siku moja, usiyaguse haya maji, kesho naifuta. Lakini Hasnara ana mdomo kama chungio. Wageni wangefika, angewatolea siri pamoja na chai.

"Tumeongeza mabomba chini," nikasema. "Futi mia saba, chini kabisa ya sumu. Wakaja wakapima, safi."

"Wallahi?"

"Nikudanganye ili iweje?"

Akaangua kilio cha furaha. Mjue kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa amekufa, na tangu hapo alikuwa akivuka maji ya mafuriko kila siku kwenda msikitini, mimba au si mimba. Akakimbilia mpini, akasukuma, akakinga mkono, akanywa. Akajipaka maji usoni. Akanywa tena huku akishika tumbo.

"Kunywa, baba, kunywa," akaliambia tumbo lake. "Mama yako mkubwa Monowara ametuokoa."

Shiuli aliinama akachuma majani yasiyokuwepo. Mimi nikamwambia Hasnara aingie ndani, jua kali.

Wageni walifika baada ya adhuhuri. Mshenga Kasem mbele na mwavuli wake. Nyuma yake mama mmoja mkavu, mrefu, shavu limejaa tambuu. Huyo ni Shangazi Jobeda, aliyemlea bwana harusi. Na nyuma ya shangazi, kijana mwenyewe, Anisur. Mwalimu wa shule ya msingi, mpole, shati limefungwa vifungo vyote hadi kooni na mikono mirefu. Joto la siku ile lilikuwa la kukaanga samaki, nikasema moyoni, angalia adabu hiyo.

Moyoni nikasema pia, Kasem kaniambia hawataki pikipiki. Hawataki redio, hawataki hata saa. Kwetu mwenye binti ndiye anayelipa mahari, anavuliwa hadi nguo, na hawa hawataki kitu! Mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaona ni dua za marehemu zimejibiwa.

Shiuli akaletwa, kichwa amefunika. Shangazi Jobeda akaanza kazi.

"Tembea, mwanangu. Geuka. Fungua nywele. Haya, soma Alhamdu." Shiuli akasoma. "Njoo hapa. Lete viganja."

Shiuli alikuwa na vipele vinne vigumu kwenye kiganja cha kulia, vidogo kama uwele. Siku tatu nzima nilikuwa nikivisugua kwa jiwe na mafuta ya nazi, akilia mpaka akanyamaza.

Bibi yule akakishika kiganja, akakipapasa kwa kidole gumba, polepole. Akafika kwenye vipele. Akasimama hapo. Akaniangalia.

"Huyu alikunywa maji mabaya zamani?"

"Zamani, Shangazi. Zamani sana. Tumeshayaacha."

"Hmm." Akakiachia kiganja. "Mikono ya kazi hii. Nimeipenda."

Ameipenda! Nilitaka kumbusu na tambuu yake.

"Sasa nionyeshe bomba," akasema.

Tukatoka wote. Alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. Akanusa. "Rangi mbichi."

"Ya wiki hii. Tumekwenda futi mia saba."

"Nani kapima?"

"Wale wapimaji wa vichupa." Uongo ukishafunguliwa mlango unaingia na wanawe. "Walipima mara mbili."

"Kunywa nikuone."

Nikasukuma, nikanywa glasi nzima mbele yake. Glasi moja haiui, hilo nilijua, ndiyo hila ya sumu hii. Inakula mtu miaka na miaka kwa upole kabisa.

"Wewe mzee mwenzangu, tulishakula chumvi yetu," akasema. "Nataka aliye na cha kupoteza."

Kabla sijajibu, Hasnara akatokea jikoni na tumbo lake, mbio mbio, uso umejaa furaha.

"Mimi hapa, Shangazi! Mimi nanywa toka asubuhi! Mtoto wangu wa kwanza aliuawa na maji, ningecheza na wa pili?" Akasukuma, akagugumia glasi mbili, akafuta mdomo kwa pindo la sari. "Sukari tupu."

Shangazi Jobeda akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Macho yake yalilowa. Akaitwaa glasi na yeye akanywa, kisha akageuka kwa Kasem.

"Kamwite kadhi. Leo hii hii."

Jamani! Nilipiga kigelegele nikiwa nimesimama kwenye matope. Kasem akaruka ndani ya mtumbwi. Nikamwita Hasnara tuchinje kuku. Nikasema, Tofazzal, uliko huko, bomba lako limetoa mkwe.

Ndipo Shangazi Jobeda akanishika mkono.

"Mama Shiuli, tumekubaliana. Sasa na mimi nikuambie la kwangu, maana ndoa haijengwi kwa kuficha."

Aliyasema hayo mbele yangu, na mimi nikaitikia, "Kweli kabisa."

"Anisur, fungua shati."

Kijana aliona haya. Akafungua kifungo kimoja kimoja. Kifua chote kilikuwa na madoadoa, meusi na meupe, kama vumbi lililoangukiwa na matone ya mvua. Akageuza viganja. Bado havijawa donda, lakini nilivijua. Nilivipaka dawa vya namna hiyo miaka minne, hadi vikanifia mkononi.

"Kijijini kwetu mabomba yote mekundu," akasema Shangazi. "Yote, mpaka la msikiti. Tulichelewa kupimiwa. Nimezika kaka yangu, nimezika mke wake, wazazi wa huyu. Tumekwenda kwa daktari mjini. Eleza mwenyewe, mwanangu."

Anisur akafunga shati huku akizungumza, kwa utaratibu, kama anafundisha darasa la pili. "Daktari amesema hakuna kidonge, Mama. Dawa ni kuyaacha yale maji, kunywa na kupikia maji safi tu, na kula vizuri, mboga, mayai, samaki. Mwili wenyewe unaitoa sumu kidogo kidogo. Amesema nimewahi. Madoa yanaweza kufifia na viganja vikalainika. Lakini nikiendelea kunywa, safari hii ni saratani."

"Kwa hiyo hatukutafuta msichana," akasema Shangazi Jobeda. "Nisikufiche. Tulitafuta bomba. Kasem alituambia kuna mjane ana binti mzuri na bomba jipya la kijani. Anisur atahamia hapa kwako. Najua watu watamcheka, mwanamume kukaa ukweni. Wacheke. Nimewabeba maiti wawili, wa tatu sibebi."

Mimi nilishikilia ukuta wa bati. Kasem! Nilimwambia apitishe neno kwamba bomba limegeuka kijani, basi naye kalipeleka ng'ambo ya mto, kwa watu waliokuwa wakizama.

"Mbona kimya, Mama?" Anisur akaniuliza. "Kama umechukia, sema. Tutaondoka kwa heri."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, wasomaji wangu. Wazi kabisa. Na mimi nikasema, "Nichukie nini? Karibu nyumbani, mwanangu."

Msinione mnyama. Nilikuwa na mpango. Nilijiambia, jikoni kuna mtungi wa maji ya msikitini, nimeuleta jana. Huyu nitamnywesha yale. Kila alfajiri nitaingia kwenye chelezo, nitachota, nitamimina, hatajua maisha yake yote. Nitakuwa punda wake. Nikaenda jikoni karibu nikiimba.

Mtungi ulikuwa umepinduliwa kifudifudi.

"Hasnara! Maji yako wapi?"

"Yale ya msikitini?" Alikuwa ananyonyoa kuku. "Nimemwaga, dada. Nimeosha na mtungi. Ya nini kubeba ya watu na sisi tuna yetu? Wali nimeshabandika, na sharubati nimeikoroga."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga na chungu. Ameosha kwa furaha, masikini ya Mungu, ametandika hata kitambaa juu ya sharubati inzi wasiingie.

Kwa mbali nikasikia sauti ya Kasem na kadhi wakishuka mtumbwini.

Nikaingia kwa Shiuli. Nani wa kumvalisha? Amejivalisha mwenyewe, sari yangu nyekundu ya harusi. Amekaa kitandani nyuma ya pazia, magoti pamoja. Alikuwa mzuri, Mungu ananiona.

"Mwanangu, umesikia?"

"Nimesikia."

"Huyu amekuja kupona. Nakwenda kuwaambia."

"Kaa, Mama."

"Shiuli, atakufa kama baba yako!"

"Kwao kuna bomba gani?" akaniuliza, sauti tulivu kabisa. "Jekundu. Akirudi atakunywa, atakufa. Akikaa atakunywa, atakufa. Tofauti ni kwamba akikaa, atakufa na mke."

"Mwanangu, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Miaka mitano umenificha kama kidonda. Watu wakija unanitia nyuma ya pazia, wakiondoka unanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechimba bomba. Akifa nitakuwa mjane. Mjane ana jina, Mama, anakaribishwa, anahurumiwa. Wewe si unahurumiwa? Mimi sasa hivi ni nani?"

"Tutachota msikitini usiku usiku, mimi na wewe..."

"Tutachota. Kesho. Leo keti."

"Na Hasnara? Na mtoto?"

"Asubuhi alipokunywa ulikuwa umesimama pale," akasema. "Mimi nilikungoja useme."

Kadhi akakohoa nje ya pazia, akasoma majina, akauliza kama Shiuli binti Tofazzal amekubali. Mwanangu akanitazama usoni akajibu mara tatu, mara zote tatu bila kutetemeka. Nje wakaomba dua. Nikasikia Shangazi Jobeda akilia, analia kama mtu aliyetua mzigo.

Wakamleta Anisur barazani. Akainama akagusa miguu yangu kwa heshima, akabaki ameinama zaidi ya kawaida.

"Mama," akasema, "mimi sina mama. Nina ombi moja. Sharubati baadaye. Nataka glasi ya kwanza ya maji matupu ya bomba hili, unipe kwa mkono wako. Daktari amesema nianze kuhesabu siku kutoka glasi ya kwanza safi. Nimeleta daftari."

Hasnara alishasukuma. Alikuwa amesimama na jagi linalotoa jasho la baridi, akanijazia glasi, akanitia mkononi. Kadhi, Kasem, Shangazi, wote wananitazama wakitabasamu. Shiuli amesimama mlangoni, pazia la sari limefunika nusu ya uso.

Nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema bismillah.

"Ngoja," nikasema.

Sikukusudia. Lilinitoka tu, kubwa, hata kuku waliobaki wakaruka. Kila mtu akageuka. Glasi ikasimama mdomoni mwa kijana. Nikafungua kinywa, na neno la pili likagoma.

"Mama anataka kukutilia sukari," Shiuli akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya bibi harusi, laini, yenye haya. "Ni desturi ya nyumba yetu. Glasi ya kwanza ya mkwe huwa tamu."

Wote wakacheka. Kasem akapiga makofi. Sisi hatuna desturi hiyo, wala hatujawahi kuwa na mkwe. Shiuli akaja na kijiko, akatia sukari, akakoroga polepole, akamrudishia mumewe bila kunitazama.

Anisur akanywa. Akanywa yote, kichwa nyuma, koo likipanda na kushuka, mpaka tone la mwisho. Shangazi yake akasema Alhamdulillah. Akatoa daftari mfukoni, na kalamu, akaandika tarehe.

Kisha akaifunga kalamu, akaniangalia mimi, si mkewe. Alikuwa bado anatabasamu, lakini mwalimu huzoea watoto waongo.

"Sukari ni nzuri, Mama," akasema. "Lakini wewe ulisema ngoja kama mtu aliyeona nyoka. Ulitaka ningoje nini?"